Norwei: Nchi ya Majabali na Bahari Isiyoganda

Sisi watu wa mwambao tumezoea jua lenye ahadi moja. Huchomoza yapata saa kumi na mbili asubuhi na kuchwa yapata saa kumi na mbili jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Zikitajwa nchi za kaskazini ya dunia, fikira zetu hukimbilia barafu tupu. Norwei yatufunza kwamba baridi ya nchi haitokani na kuwa kwake kaskazini peke yake. Bahari, upepo na milima navyo vina hukumu yao.

Nchi hii ni ndefu na nyembamba, nayo imejinyoosha zaidi ya kilomita 1,700 upande wa magharibi wa rasi ya Skandinavia. Milima imeipitia kama uti wa mgongo, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Galdhøpiggen, kina mita 2,469. Ardhi ilimwayo ni kiasi cha sehemu 3 tu katika kila 100.

Magharibi, majabali huteremka wima hadi baharini. Zama za kale barafu nzito ilishuka milimani polepole na kuchimba mabonde marefu, kisha bahari ikayajaza. Ndizo fiodi, ghuba nyembamba zilizopenya bara. Iliyo ndefu kuliko zote nchini, Sognefjord, yaingia ndani zaidi ya kilomita 200, na kina chake chafikia mita 1,300. Pepo za bahari zikigonga milima hiyo huangusha mvua, hata mji wa Bergen hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka.

Mashariki, nyuma ya milima, mambo hugeuka. Mvua ni haba zaidi, kiangazi kina joto na kipupwe ni kikali. Huko kuna misitu ya misonobari, mto Glomma na ziwa Mjøsa, na upande wa kusini uko mji mkuu, Oslo. Katikati ya nchi, Trøndelag ina mashamba mazuri ya nafaka kandokando ya fiodi ya Trondheim.

Kaskazini ndiko kwenye ajabu kubwa. Mkondo wa maji ya vuguvugu uvukao Atlantiki kutoka kusini hupita kando ya pwani, na kwa sababu hiyo bandari ya Hammerfest haigandi hata katika kipupwe. Lakini ingia bara hadi Karasjok, katika nyanda ambako Wasami hufuga kulungu wa kaskazini, na hapo mwaka 1886 baridi ilipimwa nyuzi 51.4 chini ya sifuri. Katika visiwa vya Lofoten, wavuvi huwaanika samaki waitwao skrei juu ya vichanja vya miti, wakaushwe na upepo. Ni ng'onda kama ng'onda zetu, ila wao hawahitaji jua kali wala chumvi.

Katika mji wa Tromsø, jua halitui tangu mwishoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Julai. Na tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, halichomozi. Waislamu wako huko, zikiwemo familia zenye asili ya Somalia, jirani zetu. Ramadhani ya mwaka 2015 ilianza tarehe 18 Juni, na mwezi mzima jua lilibaki juu ya upeo. Magharibi ya kufuturia itajulikanaje?

Wanavyuoni wamefafanua kwamba nyakati zikadiriwe. Wako waliosema zifuatwe saa za mji wa karibu wenye usiku na mchana, na wako waliosema zifuatwe za Makka. Basi mama wa huko huandaa futari kwa kutazama ratiba na saa, huku mwanga ukiwa bado umejaa dirishani, na watoto hujifunza kwamba ibada ina wakati wake hata pale jua lisipotua.