Ndondi za kutazama pamoja na watoto: kutoka Kinshasa 1974 hadi kwa mtoto wa Lubumbashi

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiulizwa swali moja sokoni, kwenye foleni ya magari makubwa na hata mlangoni pa kanisa: katika ndondi za zamani, ni zipi zinazostahili kutafutwa na kutazamwa?

Swali hili limekuja kwa sababu vijana wanaotutilia video kwenye kadi za simu hapa mjini wameanza kuuza ndondi za zamani. Kwa franka chache unapata mapambano kumi. Baadhi ni mazuri sana, mengine ni damu tupu. Jumamosi jioni, umeme ukiwapo, tunaiegemeza simu kwenye bidoni uani kwangu, tunatazama majirani na watoto, na kila mmoja anakuwa mwamuzi. Niliyoyapata katika jioni hizo ndiyo ninayowaandikia leo.

Kila Mkongomani huanzia Kinshasa, nami naanzia huko. Tarehe 30 Oktoba 1974, karibu saa kumi za alfajiri, Muhammad Ali na George Foreman walipanda ulingoni katika Uwanja wa 20 Mei, ambao leo tunauita Tata Raphaël. Saa hiyo ya ajabu ilichaguliwa ili watu wa Marekani waone pambano jioni yao. Lilipaswa kufanyika Septemba, lakini Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, likaahirishwa. Foreman alikuwa na miaka 25, ameshinda mapambano 40 bila kushindwa hata moja, na 37 kati ya hayo hayakufika mwisho. Ali alikuwa na miaka 32, na wengi waliojua ndondi waliogopa angeumizwa vibaya.

Msitazame raundi ya 8 peke yake. Kadi nyingi zinazouzwa hapa zina mwisho tu, Foreman akianguka. Huo ni kama kula mboga bila bukari. Tazameni tangu raundi ya pili, Ali anaporudi kwenye kamba, anafunga uso kwa mikono na kumwacha mwenzake apige. Wachezaji wake wa kona wanamwita atoke kwenye kamba, yeye hasikii. Kisha iangalieni mikono ya Foreman tu. Raundi ya tatu inapiga kwa nguvu. Raundi ya tano inaanza kuwa mizito. Raundi ya saba inakwenda kama ya mtu anayesukuma gari lililokwama kwenye tope. Ali hakuwa amelala kwenye kamba, alikuwa akihesabu. Raundi ya 8 ilipokaribia kwisha alitoka na ngumi za haraka, na aliyekuwa hajawahi kushindwa akazunguka na kwenda chini. Mwanangu mdogo aliuliza kwa nini Ali hakumpiga tena wakati anaanguka. Iangalieni sehemu hiyo: mkono ulikuwa tayari, akauzuia.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa Katanga hatupaswi kulisahau tunaposhangilia pambano hilo. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, na Serikali ya Mobutu ndiyo iliyojitolea kuhakikisha fedha hizo zinapatikana. Utajiri wa Zaire wakati huo ulitegemea sana shaba. Jimbo letu lenyewe lilikuwa limepewa jina la Shaba tangu 1971. Mwaka uliofuata pambano, bei ya shaba duniani ilikuwa imeshaporomoka, na nchi ikaanza kubeba madeni. Sisemi pambano lile lilitufilisi, kwa maana mambo yaliyotufilisi ni mengi. Ila mtoto akiuliza nani alilipa, mjibuni ukweli: fedha za nchi zilitoka chini ya ardhi hii, na shaba ileile bado inapita mbele ya milango yetu kila siku juu ya magari yanayosubiri duane.

Sasa niwape jina ambalo wengi uani kwangu hawakulijua, na hapo ndipo nilipopata hamu ya kuandika. Mwaka 1956, mji wetu ukiitwa bado Élisabethville, alizaliwa Lubumbashi mtoto aitwaye Sumbu Kalambay. Alianza ngumi nchini, kisha akaenda Italia, akaingia ngumi za kulipwa mwaka 1980 na kupata uraia wa huko. Waitalia wakamjua kama Patrizio Kalambay. Hakuwa na ngumi ya kubomoa ukuta. Alikuwa na miguu, macho na mkono wa kushoto usiochoka.

Mwaka 1987 ulikuwa wake. Mwezi wa Mei alikwenda Wembley, Uingereza, akamshinda Herol Graham, ambaye hadi siku hiyo hakuna aliyewahi kumshinda. Tarehe 23 Oktoba, mjini Livorno, alipigania mkanda wa dunia wa WBA wa uzani wa kati dhidi ya Mmarekani Iran Barkley, akashinda kwa pointi. Barkley huyo hakuwa mtu wa kubahatisha: miezi michache baadaye alimwangusha Thomas Hearns. Basi, mtoto wa Lubumbashi akawa bingwa wa dunia.

Kama mna fedha ya pambano moja tu, nunueni lile la tarehe 5 Machi 1988, mjini Pesaro, Kalambay dhidi ya Mike McCallum wa Jamaika. McCallum alikuwa hajashindwa, na sifa yake ilikuwa kupiga mwili, mbavu na ini, mpaka mtu akose pumzi. Tazameni jinsi Kalambay anavyoikataa kazi hiyo. Anapiga mara mbili, anatoka pembeni. McCallum anapofika, mtu hayupo. Anarudi tena, anagusa, anatoka. Hakuna anayeanguka, hakuna damu ya kutisha, na raundi 12 zinakwisha huku watoto bado wamekaa. Kalambay alishinda kwa pointi. Yaya mmoja, dereva wa lori, aliyekuwa nasi akasema, "Huyu anapigana kama mtu anayevuka mpaka bila kushikwa." Tulicheka, lakini alikuwa amesema kweli.

Nisiwafiche na upande wa pili. Tarehe 25 Machi 1989, Las Vegas, Kalambay alikutana na Michael Nunn. WBA walikuwa wamemvua mkanda wao kwa sababu alichagua pambano hilo badala ya kumkabili mpinzani waliyempangia. Ngumi moja ya kushoto, sekunde 88, na yote yakaisha. Wapo wanaokumbuka sekunde hizo 88 tu. Mimi nawaomba mkumbuke pia kwamba baada ya kuanguka vile aliinuka akaendelea, akawa tena bingwa wa Ulaya, na mwaka 1992 akamshinda Graham kwa mara ya pili.

Jioni tuliyotazama pambano la Nunn, mama mmoja aliyekimbia vita Kivu ya Kaskazini alisimama nyuma yetu. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu pamoja na watoto wanne. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Papa, sisi tulikimbia mapigano, na ninyi munayatafuta katika simu?" Hakuna aliyecheka. Mtoto wake wa pili alikuwa amekaa mbele kabisa, amekunja ngumi.

Swali hilo lilinikaa moyoni wiki nzima, na sikutaka kumjibu kwa maneno ya haraka. Nikamtafutia pambano. Ni lile la Manila, Ufilipino, tarehe 1 Oktoba 1975, Ali dhidi ya Joe Frazier kwa mara ya tatu. Ni pambano gumu, na nilimwomba yeye mwenyewe alitazame kwanza bila watoto. Baada ya raundi ya 14, macho ya Frazier yalikuwa yamevimba, hazioni tena ngumi zinazokuja. Ilibaki raundi moja tu. Frazier alitaka kwenda. Mwalimu wake, Eddie Futch, alikataa. Alimwambia imetosha, akasimamisha pambano. Ali mwenyewe, aliyeshinda, alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa kusimama vizuri.

Nilimwambia mama yule: tofauti ninayoiona ndiyo hiyo. Ulingoni watu wawili wamekubali. Wamepimwa uzito ili mkubwa asimwonee mdogo. Kuna kengele. Aliyeanguka hapigwi. Na katika kila kona yuko mtu ambaye kazi yake ni kumpenda bondia kuliko ushindi, mwenye haki ya kusema imetosha. Vita iliyokufukuza haikuwa na kengele, na hakuna aliyesimama konani kwako. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huyo mzee wa kona ndiye bingwa." Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Futch alikubali kwa niaba ya mtu asiyeweza kukubali mwenyewe.

Lakini jibu langu si kamili, na ni haki tulisema wazi. Si kila kona ina Futch. Tarehe 13 Novemba 1982, Las Vegas, kijana wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alipigana na Ray Mancini hadi raundi ya 14, akaanguka, na siku nne baadaye akafa. Baada ya kifo hicho, mapambano ya ubingwa yalipunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Ali aliishi miaka mingi na ugonjwa wa Parkinson, akafariki mwaka 2016. Ng'ambo ya mpaka wetu, Zambia, walikuwa na Lottie Mwale, aliyeleta medali ya dhahabu ya michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974 na kupigania ubingwa wa dunia dhidi ya Matthew Saad Muhammad mwaka 1980. Naye aliugua ugonjwa huohuo, akafariki mwaka 2005. Kichwa si ngoma. Mzazi anayempeleka mtoto wake mazoezini aulize kwanza: mwalimu huyu anajua kusema imetosha? Akiona watoto wanapigana vichwani kila siku bila kofia za kujikinga, amrudishe nyumbani.

Kwa wanaotaka mabondia wa siku hizi, tunao. Ilunga Makabu alimwangusha Tony Bellew katika raundi ya kwanza mjini Liverpool, Mei 2016, kisha yeye akapigwa na kumalizwa katika raundi ya tatu. Tarehe 31 Januari 2020, mjini Kinshasa, alimshinda Michał Cieślak wa Poland kwa pointi na kuvaa mkanda wa WBC. Tazameni hayo mawili kwa mfuatano huo, mtaona mtu aliyejifunza kusubiri. Ndugu yake, Martin Bakole, alimsimamisha Jared Anderson katika raundi ya tano huko Los Angeles, Agosti 2024. Februari 2025 aliitwa Riyadh siku chache tu kabla ya pambano, akaanguka raundi ya pili mbele ya Joseph Parker. Vijana wetu wanaokubali kila kazi wanayoitiwa ghafla hapa mpakani walitazame hilo pia.

Na mabinti wasiachwe nyuma. Esther Phiri wa Zambia alishinda mataji ya dunia ya wanawake, na watu wa Lusaka walimjazia ukumbi.

Basi, kwa wanaouliza waanzie wapi, mpango wangu ni huu. Kwanza Kalambay na McCallum, pamoja na watoto, kwa sababu linafundisha akili. Pili Ali na Foreman, lote, tangu kengele ya kwanza. Tatu Makabu na Cieślak, ili waone kwamba Kinshasa haikuishia mwaka 1974. Manila ni ya watu wazima, na baada yake zungumzeni. Pambano la Kim msilitafute. Inatosha kujua jina lake.

Mtakapotazama, zimeni sauti raundi moja na kuwauliza watoto: nani anaongoza, na kwa nini? Mtashangaa watakayoyaona. Yule kijana aliyekuwa akikunja ngumi mbele ya simu sasa anaangalia miguu. Juma lililopita alituambia Kalambay hakimbii, anachagua mahali pa kusimama.

Wenye majina mengine ya mabondia wa Katanga wa zamani, hasa waliopigana Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kabla ya mwaka 1980, mtuletee. Wazee wanaowakumbuka wanapungua, na habari zao hazimo kwenye kadi yoyote ya simu.