Walinzi Waliochoka

Katika ushirika wetu mkoani Singida tumewazika akina mama waliofariki kwa saratani ya shingo ya kizazi. Mara nyingi, kabla udongo wa kaburi haujakauka, tunaulizwa: "Mchungaji, mama yule alikuwa mwombaji. Imani yake ilipungukiwa nini?"

Swali hilo huwajeruhi waliobaki, hasa walio wagonjwa bado. Nasi hulijibu kwa kuanzia na mwili, kazi ya mikono ya Muumba.

Saratani hii huletwa na virusi vya HPV. Wanawake wengi wanaovipata hupona bila kujua, kwa kuwa chembe nyeupe za damu huvitambua na kuviangamiza. Vikidumu miaka mingi, uvimbe unaweza kuota. Hata hapo walinzi hufika. Wataalamu wakitazama kipande cha uvimbe kwa hadubini, huwakuta ndani yake. Ila uvimbe umekwisha kuyaharibu mazingira. Sukari unaila wenyewe, oksijeni ni haba, na chembe za saratani hukanyaga breki za askari hao, breki walizopewa ili wasiushambulie mwili wenyewe. Wengine, wale ambao hutumika kuponya vidonda, hurubuniwa wakausaidia uvimbe kuota mishipa ya damu. Mwaka 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua tiba ya kuziachia breki hizo.

Basi mgonjwa wetu amepigana. Walinzi wake wamechoka kwa sababu ya mahali wanapopigania.

Ndivyo alivyokuwa Eliya chini ya mretemu. Hakukosa imani, alichoka hata akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Ndugu wapendwa, sisi ndio mazingira ya mgonjwa. Minong'ono yetu humchosha. Nauli ya basi hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na mtu wa kuwaangalia watoto nyumbani, humwongezea nguvu. Anayemwambia aache hospitali aombe tu, anamnyang'anya mkate wa Eliya.

Na tuwahi mapema. Mwaka huohuo wa 2018 nchi yetu ilianza kuwapa wasichana wa miaka 14 chanjo ya HPV, ambayo huwafundisha walinzi kabla adui hajaingia. Akina mama nao wapimwe wangali wazima. Tangazo hili tunalisoma madhabahuni pamoja na matangazo ya ndoa, wala hatuoni haya.