Nilikwenda Malta, Nikajifunza Kukinga Mvua



Mvua inaponyesha usiku, wewe hufanya nini? Wengi wetu hujifunika shuka na kulala. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Leo nataka kukueleza kwa nini niliacha.

Mwezi wa Oktoba 2022 nilikwenda katika mafunzo ya wiki mbili juu ya maji ya shambani. Mafunzo yalifanyika katika nchi ya Malta. Malta ni nchi ya visiwa. Iko katika Bahari ya Mediterania, kusini mwa Italia na kaskazini mwa Libya. Ni nchi ndogo sana. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 316. Kisiwa chetu cha Unguja ni kikubwa kuipita karibu mara tano. Lakini watu wa Malta ni zaidi ya nusu milioni.

Nchi hiyo haina mto unaotiririka mwaka mzima. Haina ziwa. Miezi ya Juni, Julai na Agosti mvua karibu hainyeshi kabisa. Kwa mwaka hupata milimita 550 hivi za mvua, karibu sawa na Dodoma. Mvua huanza mwezi wa Septemba au Oktoba. Kwa hiyo nilipofika, wakulima wa huko walikuwa wakitazama mawingu. Nikawaza, kumbe hata wao wana vuli yao!

MJI JUU YA MWAMBA

Mji mkuu wa Malta unaitwa Valletta. Umejengwa juu ya kilima cha mwamba kilichoingia baharini. Nyumba zake ni za mawe ya rangi ya manjano. Njia zake ni nyembamba na zimenyooka. Nyingine zina ngazi, kwa sababu kilima ni kikali.

Mji huo ulianza hivi. Mwaka 1565 jeshi la Waturuki lilikizingira kisiwa hicho tangu Mei hadi Septemba. Wenyeji na wanajeshi wa chama cha Mtakatifu Yohana walijitetea. Mkuu wao alikuwa Jean de Valette. Waturuki waliposhindwa na kuondoka, mkuu huyo aliamua kujenga mji wenye ngome. Jiwe la kwanza liliwekwa tarehe 28 Machi 1566. Mji ukapewa jina lake.

Sasa sikiliza, msomaji. Wajenzi wale waliweka sheria. Kila nyumba ilipaswa kuwa na kisima cha kukingia mvua. Kisima hicho kilichimbwa ndani ya mwamba, chini ya nyumba au uani. Mdomo wake ni mwembamba na tumbo lake ni pana, kama mtungi. Paa la nyumba ni bapa na limeinama kidogo upande mmoja. Mvua ikinyesha, maji hukusanyika na kuteremka kwa bomba mpaka kisimani. Tajiri alikuwa na kisima, na maskini pia.

Baadaye watu waliongezeka. Mwaka 1615 mfereji wa mawe ulikamilika. Ulileta maji ya chemchemi mjini kutoka mwendo wa karibu kilomita 16. Hata hivyo, visima vya mvua viliendelea kutumika.

MZEE NA KAMBA

Nilipanga chumba kwa mzee mmoja. Usiku wa nne radi ilipiga, mvua kubwa ikaanza. Nilijifunika shuka, kama kawaida yangu. Mara nikasikia mzee anashuka ngazi. Nikamfuata.

Nilimkuta uani ameinua kifuniko cha kisima. Chini kulikuwa na sauti ya maji yanayoingia. Mzee aliteremsha kamba yenye mafundo ili apime kina cha maji. Alipoivuta alihesabu mafundo yaliyolowa kwa lugha yao. Nikasikia: "Sitta, sebgħa." Nikashtuka. Sita, saba! Kumbe lugha ya Malta asili yake ni Kiarabu, na sisi pia maneno sita, saba na tisa tuliyapata kwa Waarabu.

Mzee alinieleza kwa Kiingereza kwamba kisima hicho kilichimbwa kabla babu yake hajazaliwa. Akaniuliza, "Na wewe kwako, kisima chako kina kina gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia mimi ni bwana shamba. Lakini hilo halikuwa jibu la swali lake.

WALIPOZEMBEA

Usidhani watu wa Malta hawakosei. Siku hizi sehemu kubwa ya maji yao ya bomba hutokana na bahari. Mitambo huyaondoa chumvi. Kazi hiyo inakula umeme mwingi. Sheria bado inataka nyumba mpya iwe na kisima cha mvua, lakini wajenzi wengi hawaitii. Basi mvua kubwa ikinyesha, barabara hufurika na maji hukimbilia baharini. Kisha watu hulipa fedha kuyatoa maji humo humo baharini! Mzee wangu alitikisa kichwa aliponieleza hayo.

AIBU YANGU

Sasa nikuambie jambo ambalo ningependa kulificha.

Nyumba yangu kijijini niliiezeka bati mwaka 2014. Haikuwa na mfereji. Haikuwa na tangi. Kila mwaka nilisimama mikutanoni nikiwahimiza watu kukinga maji ya mvua. Siku moja mzee wa jirani alisimama akauliza, "Bwana shamba, bati lako mwenyewe linamwaga wapi?" Watu wakacheka. Nilimkasirikia mzee huyo mwaka mzima.

Wakati huo mama watoto na binti yetu walikuwa wakiamka saa kumi usiku kwenda kisimani. Foleni ilikuwa ndefu. Binti alichelewa shule hata mara tatu kwa wiki. Nami nilimgombeza kwa uvivu. Mvivu hakuwa yeye.

Niliporudi nilisimulia habari za Malta. Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, umepanda ndege kwenda kutazama paa?" Alisema kweli.

PIGA HESABU

Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa langu lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Hizo ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 hutoa lita 480. Ukiondoa yanayopotea, zinabaki kama lita 400. Hizo ni ndoo kubwa 20, kwa mvua moja tu!

Mwaka 2023 nilifunga mfereji na kujenga tangi la saruji la lita 5,000. Masika ya 2024 lilijaa. Tulitumia ndoo tatu kwa siku, kwa kunywa na kupikia. Tangi lilikauka mwezi wa Agosti. Tulirudi kisimani mpaka vuli. Kwa hiyo tangi moja halitoshi, na nimeanza kuweka akiba ya kujenga la pili. Lakini kwa miezi ile binti yetu aliwahi shule kila siku.

Ukijenga tangi, fanya haya:

Safisha paa na mfereji kabla ya mvua.

Maji ya mvua ya kwanza yaache yamwagike, maana yana vumbi na mavi ya ndege.

Funika tangi vizuri, watoto wasitumbukie. Weka wavu, mbu wasizaliane humo.

Chemsha maji ya kunywa.

Kama huna fedha za tangi, anza na mfereji mmoja na pipa moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Yule mzee wa jirani nilimwendea nikamwomba radhi. Alikuja kulitazama tangi. Akaligonga kwa fimbo yake, akasikiliza, akasema, "Sasa, bwana shamba, hubiri."

Na wewe msomaji, bati lako linamwaga wapi?