Chatu Aliyefunga Choo

Katika mji wa Dar es Salaam pana mahali paitwapo Kariakoo. Jina hilo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi pale wakati wa vita vya 1914 hata 1918. Sasa ni mahali pa soko na maduka. Humo, katika nyumba moja ya zamani yenye ua, alikaa kijana Msukuma, mcheza ngoma ya nyoka. Wasukuma wana chama cha tangu zamani, chama cha Wayeye, ambao hujua kukamata nyoka, kuwachezesha ngomani, na kuwatibu watu walioumwa.

Kijana huyo alikuwa na chatu, urefu wake kama dhiraa sita. Kundi lake lilikuwa na kibali, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila ruhusa ya serikali.

Hapo kwanza chatu aliota jua uani kila asubuhi. Kisha likajengwa ghorofa refu ubavuni mwa nyumba, jua likazibwa. Kipupwe kikaingia, na usiku wa mwezi wa Julai una ubaridi hata pwani. Chatu akawa analala sandukuni, juu ya sakafu ya saruji. Kijana akamnunulia kuku mkubwa sokoni, naye akammeza. Likapita juma la kwanza, la pili, hata la sita, asipate choo. Mwili wake karibu na mkia ukavimba, ukawa mgumu. Akaletewa panya, asimtazame.

Kijana akaingiwa na hofu, kwa kuwa Jumamosi ile alikuwa na ngoma ya arusi huko Temeke, na ujira wake ndio uliokuwa kodi ya chumba. Akanunua chupa ya mafuta ya nyonyo, akanuia kumnywesha chatu kwa nguvu, kisha kumkamua tumbo. Alipokuwa akiingia mlangoni akakutana na mzee jirani, aliyekuwa mmoja wa Wayeye ujanani mwake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Dawa hiyo ya nani?"

"Ya chatu, babu. Amefunga choo, na keshokutwa ni ngoma."

"Utamwua. Ukimnywesha kwa nguvu, mafuta yaweza kuingia pafuni. Ukimkamua, utumbo waweza kupasuka. Niambie kwanza: tangu ghorofa lile lijengwe, amelipata wapi jua?"

Kijana akanyamaza, hakuwa na jibu.

Mzee akamweleza, akasema, "Sisi tuna joto letu wenyewe ndani ya mwili. Nyoka hana, joto lake hulipata kwa jua na kwa mahali alalapo. Akipatwa na baridi, tumbo lake hulegea, chakula hakisagiki upesi. Na akikosa maji ya kutosha, mavi hukauka yakawa kama jiwe. Dawa yake ni joto, maji na subira. Wala usimpe chakula kingine mpaka apate choo, wala usimpeleke ngomani. Ikipita siku saba bila nafuu, mwite daktari wa mifugo."

Basi kijana akapeleka habari arusini, na mchezaji mwingine akaupata ujira ule. Akatwaa beseni kubwa, akatia maji ya vuguvugu, kiasi cha nyuzi 30, yasiyozidi unene wa chatu, ili kichwa kibaki juu. Akamlaza humo nusu saa kila siku, mzee akimsaidia kumshika, kisha wakamwacha atambae juu ya jamvi chumbani. Mchana alikwenda sokoni kubeba magunia, apate fedha za kodi. Jioni alirudi amechoka, mabega yakimwuma, akachemsha maji tena.

Siku ya tano, chatu akiwa majini, akapata choo. Kilikuwa kigumu, na pamoja nacho kitu cheupe kama chokaa, ambacho ndicho mkojo wa nyoka. Kijana akacheka kwa furaha, akamwaga maji yale, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, maana choo cha nyoka chaweza kumwambukiza mtu maradhi ya tumbo.

Tangu siku hiyo sanduku liliinuliwa juu ya mbao, likahamishwa chumba kipatacho jua la alasiri. Chombo cha maji hakikukauka, wala chatu hakupewa tena kuku mkubwa wakati wa baridi. Chupa ya mafuta ilibaki rafuni, haikufunguliwa. Kijana alikuwa ametafuta dawa dukani kabla ya kutafuta sababu ya ugonjwa nyumbani mwake. Na mnyama asiye na sauti hawezi kumwambia bwana wake kwamba anaona baridi.