Sukayu: saa moja ya wamama ndani ya maji ya moto

Kila siku, kunako saa mbili asubuhi, katika nyumba moja ya mbao huko kaskazini mwa Japani, wanaume wanatoka ndani ya maji. Hawafukuzwi na hakuna anayewapigia kelele. Saa yao imeisha tu. Kuanzia saa mbili hadi saa tatu bafu kubwa ni la wamama peke yao, na usiku, saa mbili ikifika tena, inakuwa vilevile. Kwa muda huo mwanamke aliyetoka mbali anaweza kuvua nguo zake, kujimwagia maji, kuingia hadi shingoni na kunyamaza, bila jicho la mtu kumfuata.

Mahali hapo panaitwa Sukayu. Ni kwenye milima ya Hakkoda, jimbo la Aomori, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, ndani ya msitu. Watu wanakwenda kuoga hapo tangu zaidi ya miaka 300. Jina lenyewe linasema maji makali kama siki, na ni kweli yanachacha: tone moja likiingia jichoni linawaka. Rangi yake ni nyeupe kama maziwa yaliyoongezwa maji, na harufu ni ya yai bovu, kwa sababu ya kiberiti kinachotoka chini ya mlima. Wenyeji wanasimulia kwamba zamani mwindaji alimjeruhi kulungu, kisha akamkuta akijilowesha humo, naye akapona na kukimbia. Chemchemi nyingi za Japani zina hadithi ya namna hiyo, pengine ya ndege, pengine ya mnyama mwingine. Hakuna anayeapa kwamba ilitokea, lakini kila mtu anaisimulia.

Bafu lenyewe ni ukumbi mkubwa uliojengwa kwa mbao tupu, bila nguzo hata moja katikati, eneo la kutandika mikeka 160 ya Kijapani. Wanaliita bafu la watu elfu. Jina linazidisha kidogo. Mle ndani kuna mabwawa kadhaa, na katika moja maji yanabubujika kutoka chini ya mbao zenyewe ambazo mtu amezikalia. Hakuna muziki wala matangazo. Kuna mvuke, sauti ya maji, na mama mzee anayepumua kwa nguvu kama mtu aliyetua mzigo.

Msomaji wa Kivu atashtuka kusikia kwamba saa zingine zote wanaume na wanawake wanaoga pamoja katika ukumbi huo. Ni desturi ya zamani ya mashambani. Serikali ya Japani ilikwisha kuikataza katika karne ya 19 ilipotaka kuonekana ya kisasa mbele ya Wazungu, lakini vijiji vya milimani viliendelea. Wazee walioga pamoja kama vile watu wa mtaa mmoja wanavyochota maji kwenye bomba moja. Shida ilikuja na wageni. Walianza kufika wanaume ambao hawakuja kuoga, walikuja kuangalia. Wamama wakaanza kukaa pembeni, kisha wengine wakaacha kabisa kuingia.

Hapo ndipo zilipokuja sheria ndogondogo zinazoonekana leo: alama inayogawa bwawa, wanaume upande huu na wanawake upande ule; ruhusa ya mwanamke kuvaa nguo maalum ya kuogea; bafu dogo jingine lililotengwa kabisa; na zile saa mbili za kila siku. Mtu anaweza kusema ni kidogo sana, saa mbili kwa ishirini na nne. Ni kweli ni kidogo. Lakini ni saa iliyoandikwa, inayojulikana na wote, ambayo mwanamke hahitaji kuiomba kwa mume, kwa mkwe wala kwa mwenye nyumba. Tofauti kati ya kupumzika kwa haki na kupumzika kwa kuibia iko hapo.

Ili kuelewa kwa nini wamama wanapanda hadi kule, inafaa kurudi kwenye shamba la mpunga. Kabla ya mashine, kazi ya kupandikiza miche ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wanawake. Walisimama ndani ya matope ya baridi, wameinama toka alfajiri hadi jioni, siku nyingi mfululizo. Mtu aliyewahi kupanda mpunga katika bonde la Ruzizi hahitaji kuelezwa mgongo unasema nini jioni. Kazi ilipoisha, na tena baada ya mavuno, familia za wakulima na wavuvi wa kaskazini zilikuwa na desturi inayoitwa toji, yaani kwenda kujitibu kwa maji ya moto.

Haikuwa anasa. Watu walibeba mchele wao, chumvi, mboga za kukausha na sufuria, wakapanga chumba cha bei ndogo na kupika wenyewe kwenye jiko la wote. Muda wake ulihesabiwa kwa juma: mzunguko mmoja ni siku saba, na desturi iliyokamilika ni mizunguko mitatu, siku 21. Siku za kwanza mtu hakuoga mara nyingi, kwa sababu maji hayo yanachosha mwili kabla ya kuutuliza. Kati ya kuoga na kuoga walilala, walipiga soga, walishona, walichambua mboga za msituni. Wamama wa vijiji mbalimbali walijuana jikoni, wakakutana tena mwaka uliofuata, na mtoto wa huyu akaja kuolewa kwa yule. Kule Naruko, katika jimbo la Miyagi, mafundi wa mbao walichonga wanasesere wasio na mikono wala miguu, kichwa cha mviringo na mwili mnyoofu, ambao wageni waliwapelekea watoto waliobaki nyumbani. Wanaitwa kokeshi, na leo wanauzwa dunia nzima.

Isidhaniwe kwamba kila mwanamke alipata konji hiyo. Mara nyingi aliyekwenda ni bibi, mama wa nyumba aliyezeeka. Mke wa mtoto wake, aliyeinama kwenye matope kama yeye, alibaki kulisha mifugo na kupikia wanaume. Zamu yake ilikuja alipozeeka naye. Huko nako, mapumziko yalikuwa na foleni.

Sukayu bado ina upande wa vyumba vya toji, na mwaka 1954 ilikuwa miongoni mwa chemchemi za kwanza nchini kutambuliwa na serikali kama mahali pa afya kwa raia. Sheria ya Japani ya mwaka 1948 inaeleza vizuri ni maji gani yanastahili kuitwa chemchemi ya moto: yatoke ardhini yakiwa na joto la digrii 25 au zaidi, au yawe na madini yaliyotajwa. Hakuna mahali sheria hiyo inapoahidi muujiza. Maji ya moto yanalegeza misuli na viungo, yanasaidia usingizi. Mwenye ugonjwa wa moyo, au mwenye homa, anaonywa asiingie ovyo.

Nje ya ukumbi ni msitu. Miti yake mikubwa inaitwa buna, ina gome la kijivu lililo laini, na majani yake yanapukutika kabla ya baridi. Mwaka 1982 idara ya misitu ya Japani ilitunga neno jipya la kuhimiza watu watembee chini ya miti, neno linalomaanisha kuoga msitu, hapana kwa maji bali kwa hewa na ukimya. Wakati wa baridi kutembea ni kazi ngumu: mwezi wa pili mwaka 2013 theluji ilipimwa Sukayu ikafika sentimita 566. Hiyo ni zaidi ya watu watatu wakisimama mmoja juu ya mabega ya mwingine. Nyumba inazama, na wamama walio ndani wanaoga huku wamezungukwa na ukuta mweupe.

Msitu huo una pia hatari ambayo watu wa Goma wanaijua kwa jina: mazuku. Mwaka 1997 askari watatu wa Japani walikufa kwenye milima hiyohiyo ya Hakkoda baada ya kuingia kwenye shimo lililojaa hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, ileile inayoua mbuzi, na wakati mwingine watoto, kwenye mabonde karibu na ziwa Kivu. Undugu huo si wa kubahatisha. Moto wa chini unaochemsha maji ya Sukayu ni wa jamaa moja na ule wa Nyiragongo, na katika miaka ya 1970 na 1980 wataalamu wa chuo kikuu cha Tohoku, kilicho Sendai, kaskazini hukohuko, walikuja kupima volkano zetu pamoja na watafiti wa Lwiro. Maji ya moto nayo yapo: Mai ya Moto katika Rutshuru, ndani ya hifadhi ya Virunga, na chemchemi za upande wa Katana. Kilichokosekana kamwe si maji.

Tarehe 11 mwezi wa tatu 2011, tetemeko kubwa na mawimbi ya bahari vilipiga pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani, kisha kinu cha nyuklia cha Fukushima kikaharibika. Watu karibu elfu 470 walihama. Nchi tajiri, yenye barabara na hospitali, ilijikuta ikilaza familia kwenye sakafu za shule na kumbi za michezo, blanketi kwa blanketi. Wamama walibadilisha nguo chini ya blanketi. Walionyonyesha waligeukia ukuta. Kuna kumbi ambazo viongozi wake, karibu wote wanaume, walikataa kuweka hata vizuizi vya maboksi kati ya familia na familia, kwa sababu eti wote wamekuwa ndugu. Yeyote aliyelala chini ya shitingi moja na majirani anajua udugu huo unamgharimu nani zaidi.

Jeshi lilisimamisha mahema ya kuogea, la wanaume na la wanawake, lenye maji ya moto. Watu walipanga mstari. Kwa wamama wengi ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kuvua nguo nyuma ya pazia. Kisha hoteli za chemchemi zikafungua milango. Naruko, ile ya wanasesere wa mbao, ilipokea watu wa pwani, wakiwemo wa Minamisanriku, mji uliosombwa. Watu waliokuwa wameogopa maji kwa sababu ya bahari waliingia tena ndani ya maji.

Si wote waliokubali kupanda mlimani. Wengine walikuwa bado wanatafuta watu wao kwenye matope, na kuondoka pwani ilikuwa kama kuwaacha. Wengine waliogopa kutengana na majirani, au kukosa habari za ugawaji wa nyumba. Chumba cha hoteli ni kizuri, lakini si kwako. Hupiki unachotaka, na siku zinahesabiwa. Mambo hayohayo yalisikika tena baada ya tetemeko la Noto, tarehe 1 mwezi wa kwanza 2024, wakaaji wa Wajima na Suzu walipopelekwa kwenye hoteli za chemchemi kusini mwa jimbo lao. Bibi mwenye miaka themanini anapewa kitanda na maji ya moto, na bado anauliza nani anamwagilia bustani yake.

Kitu kimoja kilibadilika katikati ya majanga hayo mawili. Mwaka 2013 serikali ya Japani ilitoa mwongozo unaodai wanawake wawe kwenye kamati zinazosimamia mahali pa kuhifadhi watu, na kwamba pawe na vizuizi, sehemu ya kunyonyesha, vyoo na sehemu za kubadilisha nguo zilizotenganishwa. Mwongozo ni karatasi, na Noto ilionyesha kwamba karatasi haifiki kila ukumbi kwa wakati. Lakini tangu hapo mama anayedai pazia anaweza kuonyesha mahali palipoandikwa.

Katika kambi zetu pazia hilo ni kitenge kilichofungwa kwenye fito mbili, na kuoga ni nusu bidoni ya maji baridi kabla ya kupambazuka, mmoja akisimama mlangoni kumlindia mwenzake. Anayesimama mlangoni hapumziki. Wamama wanapeana zamu, na zamu hiyo wameipanga wenyewe, bila shirika kuwafundisha: leo mimi nakulindia, kesho wewe.

Kule Sukayu mlinzi ni saa ya ukutani. Inapokaribia saa tatu wamama wanaanza kutoka, ngozi nyekundu, taulo dogo kichwani. Hawaharakishi. Aliye mzee kuliko wote anabaki wa mwisho, amekalia mbao ambazo maji yanatokea chini yake, hadi dakika yake ya mwisho iishe. Kisha wanaume wanarudi.