Mlingoti

Mwaka 2012, Geita ilipofanywa mkoa, kaka yangu alifunga begi kwenda machimboni Nyarugusu. Asubuhi ile, kabla hajapanda basi, tulipanda mkonge. Ng'ombe wa jirani walikuwa wamegeuza shamba letu barabara ya Kahama, ndipo baba akatuambia tuzibe pengo la ua. Tukang'oa maotea kwenye mashina ya zamani, tukapanda kumi na mawili. Lile la mwisho kaka alilishindilia kwa kisigino, akasema, "Hili langu, mdogo wangu. Nikirudi nilikute."

Msomaji, kama umekulia mjini pengine mkonge unaujua kwa kamba tu. Kwetu Shinyanga ni ua, ni kamba ya ndama, ni mwiba wa kumchoma mtoto anayekimbia bila kuangalia. Wenyewe ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuleta nchi hii mwaka 1893 kutoka Florida. Miche elfu moja ilianza safari, ikafika hai 62. Unakaa miaka saba, kumi, hata zaidi, unatoa majani tu na kuweka akiba. Halafu siku moja katikati kunachomoza mlingoti. Unakwenda kwa kasi ya ajabu mpaka unapita paa la nyumba, mita tano, sita. Maua yake ya njano na kijani yanapukutika, na pale pale vinaota vikonyo, miche midogo kwa mamia. Basi. Shina likishazaa hivyo linakauka, halichipui tena.

Turudi kwa kaka. Duara lao lilitema mara moja, mwaka 2015. Ee bwana! Alikuja na pikipiki, redio, bati za nyumba ya mama na soda kreti tatu. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nikatembea kifua mbele utadhani nimechimba mimi. Wiki tatu tu. Aliporudi, duara halikutema tena. Pikipiki ikauzwa. Akaangukia kwenye karasha, kusaga mawe, na mwaka 2022 akarudi nyumbani na kikohozi. Daktari alisema mapafu yana makovu ya vumbi la mawe, na makovu hayo hayafutiki.

Mwaka uliofuata mkonge wake ukachomoza mlingoti.

Nilichukua panga. Sikumwambia mtu. Nilidhani nikiukata mapema shina litasahau, liendelee na majani yake. Guku alikuwa ameketi chini ya mwembe, akaniona.

"Unakata nini?"

"Usife, guku."

"Utapata kijiti tu. Kile kilichokuwa kinazaa majani ndicho hicho kimesimama. Ndani hakuna kingine."

Baadaye nilisoma, nikakuta mzee yuko sahihi kabisa: kilele kinachotoa majani ndicho kinachogeuka mlingoti. Panga linachelewa siku zote.

Nikaandika shairi, kwamba kaka ni mkonge. Washikaji wa kikundi chetu cha uandishi walilipigia makofi. Nikamsomea mwenyewe. Alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo.

"Mkonge unakula akiba yake wenyewe," alisema alipopata pumzi. "Yangu walikula wenye karasha. Halafu bwana mshairi, mimi sijafa. Andika na hilo."

Nililichana. Lilikuwa na vina vizuri sana, ndiyo maana liliniuma.

Vikonyo vilipoanza kudondoka alitoka na kigoda chake, akakaa uani kunielekeza: hiki karibu mno, kile umekiinamisha. Tulipanda arobaini, kwa mapumziko mengi, yake na yangu. Mlingoti ulikuwa umekauka, mwepesi hata nikaubeba kwa mkono mmoja; sasa umeshikilia paa la jiko. Vilivyoshika ni 31. Tisa vilikanyagwa na ng'ombe wale wale.