Mawaridi ya Bibi



Mwaka jana niliona vidukari wamejaa kwenye miwaridi ya bibi. Bila ya kumuuliza, nikanyunyiza dawa ya dukani. Wadudu walikufa, lakini bibi hakuchuma hata ua moja la kutia kwenye vikuba vya harusi ya dada. "Mjukuu wangu, maua haya hunuswa," aliniambia kwa upole. Niliona haya.

Kisha akanifundisha: twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni hadi chini ya majani. Shinani weka samadi iliyooza. Vidukari hawakuisha kwa siku moja; tulirudia kila wiki.

Alhamdulillahi, sasa bibi anachuma tena. Nami siku hizi nauliza kwanza.